Mlinzi Asiyeitika

Maringo, mlinzi wa ghala la nyama, alikuwa anadanganya. Inspekta alilijua hilo kabla hajavuta kiti akaketi, na kila jibu alilopewa asubuhi ile lilimwongezea uhakika.

"Nieleze tena habari za Jumapili," alisema.

Mlinzi alimkazia macho mdomoni. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, amevaa kofia ya sufu iliyomfunika mpaka chini ya masikio ingawa chumba cha mahojiano kilikuwa kama tanuri.

"Nimeshasema, afande. Nilikuwa getini tangu asubuhi. Mtunza ghala alikuja alasiri, akanipungia mkono, akaingia. Kila Jumapili huja kuangalia mashine za baridi. Basi."

"Hukumwona akitoka."

"Nilidhani ametoka nilipokwenda msalani."

"Nani mwingine aliingia?"

"Hakuna."

"Na mlango wa pembeni?"

Hapo mlinzi alijiinua kidogo kitini, kama mtu aliyefikishwa mahali anapopajua. "Mlango ule unalia kama mbuzi anayechinjwa. Ungefunguliwa ningesikia. Haukufunguliwa."

Koplo, ambaye alikuwa akiandika maelezo huku jasho likimtiririka shingoni, aliinua kalamu na kumtazama Inspekta. Hawakuhitaji kuambiana neno. Mtu huyu alikuwa anajifunga kamba mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu asubuhi wapakiaji wa kampuni ya nyama walifungua chumba kikubwa cha baridi wakamkuta mtunza ghala nyuma ya mlango, ameketi, ameganda. Komeo la nje lilikuwa limesukumwa. Kitasa cha dharura cha upande wa ndani, ambacho kingemtoa mtu yeyote aliyefungiwa kwa bahati mbaya, hakikuwapo. Kilikuwa kimefunguliwa skrubu zake kwa utulivu, bila kuacha hata mkwaruzo. Marehemu alikuwa na ndoano ya kutundikia nyama mkononi, imepinda kwa kugonga chuma. Viganja vyake vilikuwa vimechanika. Fundi cherehani mwenye duka lililopakana na ghala alisema ukuta wake ulitetemeka karibu alasiri nzima. Mlinzi wa usiku hakusikia kitu, kwa sababu alipoingia zamu hapakuwa tena na wa kugonga. Lakini Maringo alikuwepo, uani, kwenye kiti chake cha mbao, mgongo ukielekea jengo.

Inspekta alisimama akaenda dirishani. Alikuwa na desturi ya kuuliza maswali mazito akiwa amempa mtu mgongo, kwa sababu wengi hujisahau wasipotazamwa.

"Alikuwa anagonga mlango," alisema akitazama nje. "Unataka niamini kwamba hukusikia?"

Kimya.

"Mzee, nakuuliza. Hukusikia?"

Kimya kilekile. Alipogeuka alimkuta Maringo amekaa vilevile, mikono magotini, uso mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Jeuri hiyo," Koplo alisema kwa sauti ya chini. "Wenzake kazini ndio waliompa jina. Ukimsalimia haitiki. Anapita kama bwana mkubwa." Kisha akakunja pua. "Afande, nifungue dirisha? Humu kuna harufu. Huyu sidhani kama anaoga."

Kweli kulikuwa na harufu, kama ya kitu kilichosahauliwa chini ya kabati. Inspekta alifungua dirisha mwenyewe na kuamuru mtu huyo arudishwe mahabusu.

*

Ghalani alianza na mlango wa pembeni. Ulitokea kwenye kichochoro cha nyuma na kuingia moja kwa moja kwenye ujia wa vyumba vya baridi. Aliketi kwenye kiti cha mlinzi, akamwashiria Koplo aufungue.

Bawaba zilipiga yowe la kupasua ngoma ya sikio. Ndege waliokuwa juu ya paa la bati waliruka wote kwa pamoja.

"Tena. Polepole."

Polepole ilikuwa mbaya zaidi. Inspekta alipapasa bawaba. Kutu tupu. Hakuna mtu aliyezipaka mafuta kwa ajili ya Jumapili.

"Funguo ngapi za mlango huu?"

"Mbili," alijibu msimamizi wa ghala, aliyekuwa amesimama karibu nao. Alikuwa mtu nadhifu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza kama ya mtu anayepokea wageni msibani. "Mmoja alikuwa nao marehemu, mmekwisha kuuona mfukoni mwake. Mwingine ninao mimi. Jumapili nilikuwa nyumbani nimejilaza, afande. Lakini hata ningekuja, si mmesikia wenyewe? Maringo angejua."

Inspekta alikubali kimoyomoyo. Ufunguo bila masikio ya mlinzi haukuwa na faida. Kama hakuna aliyepita pembeni, na aliyepita getini ni marehemu peke yake, basi aliyesukuma lile komeo ni yule aliyekuwa tayari ndani ya ua.

"Walikuwa wanaelewana, yeye na marehemu?"

Msimamizi alishusha pumzi. "Mimi sipendi kumsema mtu akiwa kwenye shida. Walikwaruzana siku za karibuni. Marehemu alimwita, huyu akampuuza, marehemu akatukana mbele ya watu. Mambo ya kazini tu. Sidhani…" Akaacha maneno yaning'inie.

"Zamu ya Jumapili alipangiwa na nani?"

"Aliiomba mwenyewe. Nikampa. Mimi na wafanyakazi wangu ni kama ndugu."

"Ana ugonjwa wowote? Anakunywa?"

"Maringo? Mzima kama chuma. Angekuwa na lolote ningekuwa wa kwanza kujua."

Inspekta alimshukuru. Mtu mwema, alifikiri, na papo hapo akajiuliza kwa nini wema wake unateleza hivyo, kila neno la huruma likimsogeza mlinzi karibu zaidi na kitanzi.

Fundi cherehani aliwapokea huku amebana pini midomoni. Alizitoa moja moja akazichoma kwenye kifundo cha nguo.

"Nilisikia, ndiyo. Du, du, du. Nikasema hawa nao hata Jumapili wanatengeneza mashine! Nikaongeza sauti ya redio." Macho yake yalijaa alipomtazama Inspekta, mwanamke mwenzake. "Niliongeza sauti ya redio, dada yangu."

"Hukuweza kujua."

"Alikuwa mteja wangu. Suruali zake zote za kazi nilimpunguzia mimi. Wiki iliyopita alikuja akaniambia, 'Dada, nyama ya humu usinunue kwa sasa. Subiri nikwambie.' Nikamuuliza kuna nini, akasema wiki ijayo wakaguzi watakuja na kila mtu atajua."

"Atajua nini?"

"Hakusema. Alikuwa mtu wa kufunga mdomo. Lakini mimi nina pua, na siku umeme ulipokatika, ile nyama iliyotolewa pale haikuwa ya kuliwa na binadamu. Kesho yake ikarudishwa ndani kugandishwa upya. Tulisikia inapelekwa mashuleni."

Inspekta alitoka na swali jipya mkononi. Mlinzi wa geti angepata nini kwa kuficha nyama iliyooza? Kwa hiyo alilipwa. Na aliyemlipa ni nani? Alirudi kituoni amekusudia kumkamua Maringo jina hilo kabla jua halijazama.

*

Walimkuta ameegemea ukuta wa mahabusu kama mtu aliye juu ya boti. Koplo alipomvuta asimame, alipepesuka upande mmoja, akashika hewa, akatapika.

"Sasa ameanza maigizo," Koplo alisema.

"Mpe chai."

Maringo alipokea kikombe. Chai iliingia mdomoni kisha ikamwagika kupitia pembe ya kulia, ikateremka kidevuni mpaka shatini. Hakuonekana kuigundua. Inspekta alisogea. Alikuwa amewaona waigizaji wengi katika kazi hii: wenye kifafa cha kujitakia, wenye wazimu unaokuja wakati wa kutia sahihi. Wote hao walikuwa na tabia moja, ya kuchungulia kama wanatazamwa. Huyu hakuchungulia. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelala, shavu limeshuka, jicho halifungi.

"Inua nyusi," alisema, akionyesha kwa uso wake mwenyewe.

Nyusi ya kushoto ilipanda. Ya kulia ilibaki pale pale.

Inspekta alichukua shada la funguo za mahabusu, akazunguka nyuma ya mtu huyo na kuliachia lianguke kwenye sakafu ya saruji. Koplo aliruka. Mahabusu wa chumba cha pili aliuliza kwa ukali kuna nini. Maringo hakupepesa hata jicho. Alikuwa anatazama mbele, akisubiri aambiwe la kufanya.

"Mvue kofia."

Mlinzi alipoona mkono wa Koplo unakuja, alishika kofia kwa mikono miwili na kwa mara ya kwanza akapandisha sauti. "Hapana, afande. Tafadhali. Hapana."

Kofia ilitoka. Sikio la kulia lilikuwa limezibwa pamba iliyogeuka rangi, na ile harufu ya asubuhi ikajaa chumba kizima. Nyuma ya sikio palikuwa pamevimba, pekundu, panang'aa.

Koplo alirudi hatua. "Masikini," alisema. Asubuhi alikuwa amesema jeuri.

"Leta gari," Inspekta alisema. "Sasa hivi."

*

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno ya haraka. Alitundika picha za skana kwenye ubao wa mwanga, akamwita Inspekta asogee.

"Kabla hujaanza, daktari," Inspekta alisema, "nina mtu aliyekufa, na huyu ndiye mtuhumiwa wangu wa pekee. Nataka kujua jambo moja. Anaweza kuwa anaigiza?"

"Uso, labda, kama ni hodari sana. Mfupa hauigizi." Aliweka kidole juu ya picha. "Huu ni upande wa kushoto. Unaona mfupa wa nyuma ya sikio ulivyo na vitundu vitundu kama sega la nyuki? Bado una umbo lake. Sasa njoo kulia."

Kulia hapakuwa na sega. Palikuwa na shimo, kingo zake laini kama jiwe la mtoni.

"Alipigwa?"

"Angepigwa ningeona ufa. Hapa pameliwa. Kutoka ndani, pole pole, kwa miaka." Alivuta stuli akaketi. "Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna kijichumba, ndani yake vifupa vitatu vinavyopokezana sauti. Mtoto akiugua sikio, likavuja usaha, likaachwa, likavuja tena, kiwambo kinatoboka au kinanyonywa kuelekea ndani. Ngozi ya nje inapata njia ya kupenya. Na ngozi, Inspekta, kazi yake ni kujivua. Huku nje unaoga, inaondoka. Mle ndani haina pa kwenda. Inajikusanya, inakuwa kifuko, kinajaa, kinaoza, kinatanuka. Kila mfupa kinaougusa unaanza kulika."

"Mfupa si kama jiwe? Utalikaje?"

"Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili unaubomoa kidogo na kuujenga kidogo. Usaha na uvimbe wa muda mrefu unawachochea wabomoaji, na wajenzi wanashindwa kuwafikia. Kifuko chenyewe nacho kinatoa maji yanayoyeyusha. Na hakiumi sana, ndio ubaya wake. Mgonjwa anaona uchafu, anasikia harufu, anaweka pamba, anakwenda kazini." Kidole kilirudi kwenye picha. "Vile vifupa vitatu havipo tena. Hapa palikuwa na mfereji wa neva ya uso. Ukuta wake umeliwa, ndiyo maana uso umelala. Hapa kuna mfereji unaotuwezesha kusimama bila kuyumba, umetoboka. Ndiyo maana anapepesuka mkadhani anaigiza. Na hili hapa juu ni dari. Juu ya dari ni ubongo."

Inspekta aliliona tundu mwenyewe, bila kuonyeshwa.

"Ana homa," daktari aliendelea. "Usaha ukishafika kwenye utando wa ubongo, hutakuwa na mtuhumiwa wa kumhoji. Nafanya upasuaji leo. Wanaandaa chumba."

"Anasikia kiasi gani?"

"Kulia, hakuna kitu. Kushoto kifupa cha katikati kimekatika. Ukimwinamia sikio la kushoto na kupaza sauti, atakusikia. Zaidi ya hapo anasoma midomo. Na anaisoma vizuri sana, ana miaka mingi ya mazoezi."

"Mlango wenye bawaba za kutu, ukifunguliwa nyuma yake?"

"Mkalishe hapo getini na gari la moshi lipite nyuma yake. Labda atahisi ardhi ikitikisika."

Inspekta alibaki akilitazama shimo lile. Asubuhi nzima alikuwa amejenga hesabu yake juu ya masikio ya mtu huyu. Hakuna aliyepita pembeni kwa sababu Maringo angesikia. Sasa toa masikio hayo, na mlango wa pembeni ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye ufunguo. Lakini muuaji hakubahatisha. Mtu hafungui mlango unaopiga yowe nyuma ya mlinzi mchana kweupe, ila awe na hakika kwamba mlinzi huyo hatageuka.

Kwa hiyo swali halikuwa tena nani alimlipa Maringo. Swali lilikuwa nani alijua.

*

Mke wa mlinzi alikuwa kwenye benchi la ujia, chupa ya uji kifuani, kanga mabegani. Alipomwona Inspekta alisimama.

"Afande, mume wangu hajaua mtu."

"Keti, mama. Kwa nini alinidanganya kuhusu masikio yake?"

"Ungekuwa wewe ungesema? Mlinzi kiziwi!" Aliketi. "Sikio lile linavuja tangu utotoni. Mama mkwe aliambiwa litaacha lenyewe mtoto akikua. Mtoto amekua, ana wajukuu, bado linavuja. Pamba nabadilisha mimi, asubuhi na jioni. Kazini nako wakampa jina la Maringo. Wanasema anajisikia." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mtu asiyesikia kabisa, afande, atajisikiaje?"

"Nani anajua, mbali na wewe?"

"Watoto wetu wako mbali, hata wao tumewaficha."

"Kazini?"

Mama alisita. Alikuwa anamlinda mtu, na Inspekta alimngoja.

"Msimamizi peke yake. Na huyo nakuomba usimtie kwenye mambo haya, maana ametutendea wema. Siku moja mume wangu alipata kizunguzungu, yeye akamleta nyumbani kwa gari lake. Akaiona pamba. Mimi nikapiga magoti. Akaniambia, 'Inuka, mama. Siri yenu ni siri yangu.' Tangu hapo akija anaketi kushoto kwake, anaongea naye kama ndugu. Na akamhamishia zamu ya Jumapili."

"Mume wako aliiomba?"

"Wala! Alikuwa na zamu ya katikati ya wiki miaka yote. Msimamizi ndiye aliyesema Jumapili ni bora, hakuna magari ya kupiga honi getini, hakuna wa kumwita akakosa kuitika. Na akamfundisha, mtu akikushuku kuhusu kusikia, wewe mwambie hata mlango wa pembeni unausikia ukilia."

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyotoka. Aliyasoma mara mbili kabla hajafunga kalamu.

"Mama, aliyafundisha hayo kabla ya Jumapili hii?"

"Kabla. Mapema mwezi huu." Mama alimtazama usoni, akaona kitu, na chupa ya uji ikaanza kumteleza mikononi. "Kwani vipi, afande?"

*

Msimamizi alifika mara tu Koplo alipompigia simu kwamba mlinzi wake yuko mahututi. Inspekta alimpokea mlangoni mwa wodi.

"Masikini Maringo," alisema msimamizi. "Nini kimempata?"

"Masikio. Inasemekana ni kiziwi. Ulijua?"

"Kiziwi?" Mshangao ulimjaa usoni, mzuri, usio na kasoro. "Maringo? Afande, nimefanya naye kazi miaka. Leo ndiyo nasikia."

"Hata mimi nilishangaa. Ingia umwone. Muda ni mchache, wanakuja kumchukua."

Kitanda kilikuwa kimesogezwa ukutani. Upande wa kulia, karibu na mlango, kulikuwa na nafasi na kiti kilichowekwa tayari. Upande wa kushoto ulibaki ujia mwembamba, nusu yake imezibwa na chuma cha dripu. Mgonjwa alilala chali, macho yamefumba nusu, kichwa chake chote kimefunikwa kofia ya kijani ya upasuaji. Usingejua kwa kumtazama ni sikio lipi linaloumwa, wala kama yapo masikio.

Msimamizi alikipita kiti. Alijibana kando ya chuma cha dripu, akaukunja mkono wake asivute mpira, akafika upande wa ukutani. Akamgusa mgonjwa begani mara mbili, akainama mpaka midomo ikakaribia kofia, na kupaza sauti. "Ndugu yangu! Ni mimi!"

Maringo alifumbua macho. Nusu ya uso wake ikatabasamu.

Msimamizi alihisi macho ya Inspekta. Aliinua kichwa taratibu.

"Kiti kiko huku," Inspekta alisema.

"Nilitaka… Huku kuna…"

"Huko kuna ukuta na dripu. Mgeni asiyejua kitu angeketi hapa, angeongea hapa. Wewe umeambiwa hasikii, hukuambiwa ni upande gani unaosikia nusu."

"Nimebahatisha tu, afande."

"Na zamu ya Jumapili ulibahatisha? Na lile somo la mlango wa pembeni?"

Rangi ilimtoka. "Nilimhurumia. Tangu lini huruma ni kosa? Mkewe alipiga magoti mbele yangu!"

"Muda mfupi uliopita ulikuwa hujui kitu."

Inspekta alinyosha kiganja. "Ufunguo wa gari."

Koplo alirudi kutoka maegeshoni ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti, kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba panya. Kilikuwa kitasa cha dharura, na skrubu zake zote. Msimamizi alikusudia kukirudisha Jumatatu kabla ya watu, afungue komeo, ionekane mtunza ghala alizidiwa na baridi akifanya kazi peke yake. Wapakiaji wakamtangulia. Hapo ndipo alipomhitaji mlinzi kwa mara ya pili, safari hii abebe lawama.

"Faida ya ile nyama sikuila mimi peke yangu," alisema alipokuwa akifungwa pingu, sauti ya kubembeleza imemkauka. "Waulizeni wakubwa zangu."

"Tutawauliza. Twende."

Manesi waliingia na kitanda cha magurudumu. Maringo alikuwa ameinua shingo, akitazama mgongo wa msimamizi ukitoka mlangoni na mikono nyuma. Alitaka kusema kitu, lakini walikuwa wameshaanza kumsukuma.

*

Upasuaji ulichukua muda mrefu. Daktari alitoka akiwa na alama za barakoa mashavuni.

"Nimekisafisha chote. Usaha ulikuwa umeugusa utando, haukuupita. Ataishi. Uso unaweza kurudi, tutaona. Sikio la kulia halitarudi."

"Na la kushoto?"

"La kushoto tutalitibu likiwa bado na kitu cha kutibu. Angekuja mapema tungeokoa yote mawili. Kazi nyingi ninayofanya humu, Inspekta, ni ya watu walioambiwa litaacha lenyewe."

Asubuhi yake Inspekta alirudi wodini. Mkewe alikuwa amekwenda kufua. Maringo alikuwa macho, kichwa kimezungushiwa bandeji nene, sikio la kushoto limeachwa wazi.

"Afande," alisema kwa sauti nyepesi, maneno yakiteleza upande uliolala. "Nilidanganya. Ule mlango sikuusikia. Niliposema vile nilikuwa nikimfikiria mke wangu, tutakula nini nikifukuzwa. Andika hivyo."

Inspekta alitikisa kichwa kukubali.

"Na msimamizi, mbona mlimfunga pingu? Yule ndiye mtu pekee pale kazini aliyekuwa anaongea na mimi."

Angeweza kumwachia mkewe kazi hiyo. Angeweza kumwambia apone kwanza. Alizunguka kitanda, akajibana kati ya chuma na ukuta, akainama. Alimweleza yote, sentensi fupi fupi, akingoja kila moja ifike. Nani aliingia kwa mlango wa pembeni. Kwa nini Jumapili. Kwa nini alifundishwa yale maneno.

Maringo alisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye dari.

"Kwa hiyo alivyokuwa anakuja nyumbani," alisema, "anakaa hapa upande huu, ananiuliza unanisikia, unanisikia hapa, na nikirudi nyuma kidogo je…"

"Alikuwa anapima."

Inspekta alijinyosha, akatafuta neno la kuongeza, akalipata. Aliinama tena kulisema.

Lakini Maringo alikuwa ameshaanza kugeuka, taratibu, akikishika kichwa chake kwa mikono miwili kama chombo kilichojaa maji. Alilalia ubavu wa kushoto, akalizamisha sikio lake ndani ya mto, na kufumba macho.